Jumamosi: vipozeshi vya vinu vya nyuklia

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa nane mchana, palepale Sakina, tunazungumzia vipozeshi, yaani vitu vinavyoondoa joto kwenye kinu, kama maji. Kwa mwinuko wetu hapa Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwenye vinu vingi vya nyuklia yanapita nyuzi 300 bila kuchemka, maana yamebanwa kwa mgandamizo wa karibu mara 150 ya ule wa hewa. Mimi lakini naisubiri sodiamu, metali inayotumika pia kama kipozeshi: inayeyuka nyuzi 98, inachemka 883, kwa hiyo haihitaji kubanwa hivyo. Shida yake ikigusa maji inawaka! Hata hivyo kinu cha BN-600 huko Beloyarsk, Urusi, kinaitumia tangu 1980. Heliamu, kipozeshi cha gesi, tutaigusia tu. Mwenye projekta aseme mapema, ile yetu taa imekufa. Chai ipo, vitafunwa kila mtu na vyake.