Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upimaji wa Visima Vyetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye upimaji wa visima, kazi iliyotula muda mwingi mwaka huu na iliyozua maswali kuliko zote.

Mnakumbuka mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua na mgawo wa maji ukaingia mjini Dar es Salaam, kila mtu alikimbilia kisima. Kigamboni tumejaliwa maji chini ya ardhi, lakini huku Mjimwema maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji chumvi yanayotoka baharini. Kwa kanuni ya miamba ya pwani, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini ya usawa huo. Tukivuta mpaka mita hiyo ibaki nusu, baada ya muda chumvi inaweza kupanda kama mita 20. Kwa hiyo sentimita chache kwenye tepu ya kupimia kina cha maji si jambo dogo.

Kila kisima cha uchunguzi, yaani tunachokitumia kupimia, sasa kina alama ya rangi nyekundu kwenye ukingo wa bomba. Tepu inashushwa kutoka hapo, si pengine, hadi kengele yake ilie inapogusa maji, kisha inarudiwa. Kina hupimwa kabla pampu haijawashwa.

Lalamiko kubwa lilikuwa hili: kwa nini mnamwaga maji na watu wana madumu matupu? Ni swali la haki. Maji yaliyolala ndani ya bomba yameshakutana na hewa, hayasemi ukweli wa yaliyo ardhini. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita. Maji yakisimama mita 20, ni kama lita 160, na desturi ni kutoa mara tatu ya hapo. Wakati huo tunaangalia joto, pH (kipimo cha uchachu wa maji) na jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwani chumvi ikizidi umeme hupita zaidi, mpaka namba zitulie. Katika kisima kimoja karibu na ufukwe niliona namba ya umeme ikipanda kila tulivyozidi kuvuta. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya maji baridi, ya mwisho ilikuwa ya maji chumvi waziwazi. Tungejaza chupa mapema, tungewaambia wenye kisima kile kwamba wako salama. Sasa maji yanayotolewa yanakingwa kwenye simtanki, majirani wayatumie kufulia.

Chupa ya maji ya kupima vijidudu haiguswi mdomo wala kifuniko kwa ndani. Inakwenda kwenye boksi la barafu na kufika maabara siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 6. Foleni ya kivuko ikiwa ndefu, tunazungukia Daraja la Nyerere.

Tunapima pia naitreti, kemikali itokayo kwenye kinyesi na hatari zaidi kwa watoto wachanga, kwa sababu ya vyoo vya shimo vilivyo jirani na visima. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Akina mama wenye watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, nawasihi: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti wala chumvi.

Mwaka ujao tutapima mara mbili, mwishoni mwa kiangazi kabla ya masika, na tena masika yakiisha. Wenye pampu karibu na visima vya uchunguzi wazizime tangu jioni ya kuamkia siku ya kupima. Wa Mjimwema na Kibada waandikishe majina kwa katibu kabla hatujatawanyika.