Nimeshinda kesi, Fuso zilishaondoka

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo ningelijua miaka miwili iliyopita saa hizi ningekuwa dukani napima mchele.

Mimi nauza mchele kwa jumla hapa Morogoro. Kuna mteja wangu, tulishazoeana kabisa, alichukua magunia 190 kwa mali kauli, tukapiga hesabu ya laki mbili kila gunia, yaani milioni 38, akasema miezi miwili tu mzee wangu. Miwili ikawa minane, simu hapokei, nikaenda kufungua kesi mahakama ya wilaya. Siku hiyo alikuwa na Fuso mbili barabarani, nazijua mpaka namba. Kesi ikaanza kupigwa kalenda, leo wakili wake anaumwa, kesho hakimu yuko semina, mwaka na ushee, mwisho nikashinda. Nyumbani tukachinja kuku.

Sasa naenda na dalali wa mahakama kukazia hukumu, yaani kukamata mali zake nilipwe. Tumefika yadi kwake tunakuta madoa mawili ya oili pale Fuso zilipokuwa zinapaki na mlinzi kakaa juu ya tairi la spea anakunywa uji. Moja iliuzwa Tunduma kesi ikiwa na miezi minne, nyingine kadi inasoma jina la shemeji yake. Dalali akanigeukia, "mzee, hukuomba mali zizuiwe?" Nikamwambia zizuiwe vipi na kesi ilikuwa haijaisha? Akabaki ananiangalia tu.

Kumbe njia ya kuzuia mali imo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 36. Kesi ikiwa bado inaendelea mdai anapeleka maombi na kiapo, anaonyesha kwamba mdaiwa yuko mbioni kuuza mali au kuitoa nje ya eneo la mahakama ili hukumu ikija isikazike, mahakama ikiridhika inamtaka mdaiwa aweke dhamana au aje aeleze kwa nini asiweke, na hapohapo inaweza kuamuru mali ishikwe kwanza. Akiweka dhamana inaachiwa. Wala haigeuki kuwa yako, inakaa tu isiuzwe mpaka kesi iishe, na wewe ukishindwa mwenyewe anarudi kuichukua.

Ila usidhani unaenda na hasira zako tu. Wakili mmoja kaniambia maombi mengi yanafia hapo, mtu kaandika kwenye kiapo "nahofia atauza" basi, na hofu yako haimtoshi hakimu. Useme gari gani, namba gani, thamani kama kiasi gani, umejuaje kwamba linauzwa. Na mi ushahidi nilikuwa nao! Jamaa aliweka picha ya Fuso kwenye status ya WhatsApp, "inauzwa, maongezi yapo", nikaiona kwa macho yangu nikacheka, nikasema huyu kafulia.

Na hapa niseme maana watu wanachanganya, wale vijana wa mikopo ya kausha damu wanaokuja kubeba friji na tivii hawana amri ya mahakama yoyote, usiwafungulie mlango ukidhani ndo hii ninayoisema. Mahakama yenyewe ina vitu haigusi, nguo zako, kitanda, vyombo vya kupikia, vifaa vya fundi.

Upande wa pili nao najua una kilio. Agosti 2019 wote tulichukia ndege ya Air Tanzania iliposhikwa Johannesburg kwa maombi ya mkulima aliyekuwa anaidai serikali fidia, ikaachiwa Septemba 4 baada ya serikali kwenda kujitetea mahakamani. Lile deni lilikuwa la zamani, halikuwa kesi mbichi kama yangu, lakini uchungu ni uleule, chombo kimelala hakiingizi hata senti. Mwenye daladala moja akishikiwa gari miezi sita kwa kesi ya kubumba, watoto watakula nini? Kwa hiyo mi nisingegoma kabisa kama hakimu angeniambia na wewe mzee weka kitu hapa, ukionekana muongo tumfidie mwenzio.

Ninachoomba ni hivi, pale masjala tunapopeleka karatasi za madai yule karani atuambie tu kwa mdomo kwamba kuna maombi ya namna hii, maana sisi wengine tunaenda bila wakili, na yakipelekwa yasikilizwe ndani ya siku chache, Fuso toka Moro mpaka Tunduma ni safari ya siku moja. Wiki ya Sheria kila mwaka mabanda yanajaa, nimeenda mara mbili, nikafundishwa mirathi na talaka na migogoro ya ardhi, deni la biashara hakuna aliyeligusa.

Sasa hivi nashauriwa niombe mdeni wangu apelekwe gerezani kama mfungwa wa madai. Nikauliza masharti, naambiwa hela ya chakula chake akiwa ndani natoa mimi. Magunia 190 hayakumtosha?

Muuza mchele,
Morogoro