Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Zamu ya Usaidizi na Hali ya Chama

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Shughuli za kawaida za chama chetu cha michezo ya video mnazijua. Mazoezi ya Jumatano na Jumamosi yaliendelea, michuano ya ndani ilifanyika mara 2, na video za mechi zimehifadhiwa. Tulicheza mechi 212: tulishinda 117, sare 4, tukapoteza 91. Wanachama ni 46, wapya wakiwa 9. Waliojitoa ni 5. Mengine yamo katika kumbukumbu za katibu.

Naomba muda uliobaki niutumie kwa suala la zamu.

Agizo langu la mwezi wa tano, kwamba kila mwanachama acheze nafasi ya msaidizi, yaani anayeponya wenzake, katika mechi 1 kati ya kila 3, hata awe na shabaha kali kiasi gani, limeniletea maneno mengi. Nimeitwa dikteta. Imesemwa kwamba sikuitisha mkutano. Mkutano niliuitisha mwezi wa nne, na ajenda hiyo ilikuwa ya kwanza. Walikuja watu 7, na akidi yetu ni 16. Nilisubiri dakika 50, nikafunga.

Hali ilikuwaje wakati ule? Katika Overwatch 2, mchezo wa timu mbili kupigana risasi, timu ina watu 5: mmoja wa kutangulia na kubeba kipigo, washambuliaji 2, wasaidizi 2. Kati yetu wote waliokubali kusaidia walikuwa 6, nami nikiwa mmoja wao. Watu haohao waliponya kila usiku, wakalaumiwa kila tulipopoteza, na wawili wakachoka wakaacha kuja. Waliotengeneza Overwatch wenyewe, mwaka 2019, walifunga idadi ya kila nafasi kuwa 2 kwa 2 kwa 2, maana wakati huo timu ilikuwa ya watu 6. Sikubuni jambo la ajabu.

Wapo waliosema msaidizi ni wa kumfuata mtu nyuma tu. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Mganga wa Team Fortress 2, mchezo mwingine wa aina hiyo, hujaza chaji kwa kuponya. Akimponya aliyeumia, bila kupumzika, inajaa kwa sekunde 40 hivi, naye akiiachilia, yeye na anayemponya hawaumizwi na risasi kwa sekunde 8. Akiuawa kabla ya kuitumia, yote imepotea na timu nzima inarudi nyuma kusubiri upya. Bomu la Ana, msaidizi wa Overwatch, likiwapata wenzake huwaongezea uponyaji, likimpata adui humzuia kuponywa kwa muda mfupi, na analo moja tu mpaka lirudi tena. Mercy, msaidizi mwingine wa Overwatch, zamani alifufua wenzake kwa mkupuo; tangu 2017 anafufua mmoja mmoja, kwa hiyo lazima ajue amfufue nani, na adui wakati huo anatazama wapi. Hiyo ni kazi ya kufikiri.

Faida kubwa ya zamu, kwa maoni yangu, ni kwa washambuliaji. Mmoja wetu alikuwa na tabia ya kukata kona peke yake kisha kupiga kelele kwenye maiki kwamba haponywi. Alicheza zamu zake wiki tatu, akinung'unika. Sasa akiumia anarudi mahali ambapo mponyaji wake anamwona. Hakufundishwa na mtu. Alichoka kuwakimbilia wenzake waliojificha nyuma ya ukuta.

Kabla ya agizo tulishinda mechi 33 kati ya 74. Baada yake, 84 kati ya 138. Watatu kati ya waliojitoa walitaja zamu kuwa sababu. Jambo hilo limeniuma, lakini wale wasaidizi wawili waliochoka pia walikuwa wanachama, na kuondoka kwao hakukuitiwa kikao. Mimi mwenyewe nimesaidia katika mechi 96, na mwongozo wa kurasa 14 kwa wasaidizi wapya niliuandika peke yangu. Umefunguliwa na watu 11.

Kuhusu ada: waliolipa kamili ni 19, waliolipa nusu 8, ambao hawajalipa chochote 19. Gharama za seva kwa miezi 4 nimezitoa mfukoni mwangu, na mweka hazina anazo risiti. Wengi wa waliolalamikia zamu wamo katika hao 19 wa mwisho. Majina sitayataja.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuanzisha darasa la wapya, kupata mtu wa kutuchambulia video, na pengine kuingia mashindano makubwa zaidi.

Niliahidi agizo la zamu lingepigiwa kura leo. Nimehesabu mara mbili, tupo 13. Kwa hiyo zamu inaendelea kama ilivyo hadi mkutano utakaotimiza akidi, na orodha ya Jumatano katibu ataituma usiku huu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti