Idi ya kwanza bila Mama

Ndugu, jamaa na marafiki, assalamu alaykum. Mwezi umeandama, Ramadhani imetuaga. Idi Mubarak kwenu nyote. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na zenu, na kama yupo niliyemkosea mwaka huu, naomba aniwie radhi.

Kwetu hii ni Idi ya kwanza bila Mama. Jana usiku takbira zilipoanza kusikika, nilijikuta natega sikio kwa sauti nyingine: kijiko kikigonga sahani ya bati, ndivyo alivyowaita paka wake. Asubuhi ya Idi alianza na wao. Sisi tunahangaika na nguo mpya, yeye ameinama uani anamgawia kila mmoja chake, na yule mnyonge anamshikia sahani pembeni ili wenzake wasimpore. Akishamaliza ndipo anapotawadha, anakula tende zake tatu na kutoka kwenda kuswali. Hata tukichelewa, sikuwahi kumwona akiharakisha kazi ile.

Wengi wenu mnamkumbuka Daku. Ramadhani moja alifika nyumbani wakati wa daku, kitoto cha paka kisichotimiza hata wiki, macho yamefumba, mama yake amekufa. Nilidhani hatauona mchana. Mama alimviringisha kwenye kitambaa chenye joto. Maziwa ya ng'ombe aliyakataa kwa kuwa yangemharisha. Akatafuta yale ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, akawa anamdondoshea kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, tone baada ya tone, Daku amelala kifudifudi kiganjani. Alituonya tusimlaze chali kama mtoto mchanga, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Akishamlisha, anampangusa chini ya mkia kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kwani paka wa umri ule hawezi hata kukojoa mpaka mama yake amlambe. Kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, naye amefunga. Siku macho ya Daku yalipofumbuka, kilichokuwa mbele yake ni uso wa Mama.

Walikuwapo waliomwambia kwamba paka wanamchafulia nyumba ya kuswalia. Hakubishana nao. Aliwasimulia kisa cha Kabsha binti Kaab, aliyemtilia Abu Qatada, sahaba wa Mtume na baba mkwe wake, maji ya udhu. Paka akaja kunywa, na mzee akamwinamishia chombo mpaka akatosheka. Alipomwona Kabsha anashangaa, akamwambia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka. Hapo Mama hunyamaza, na mara nyingi mgeni naye hunyamaza. Nadhani alikipenda kisa kile hasa kwa sababu ya mkono wa mzee unaoinamisha chombo. Ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Mwezi mzima nimekuwa nikimfikiria nikiwa na njaa. Mwenye kufunga anajua adhana ya Magharibi itafika, na akijisikia vibaya ana ruhusa ya kufungua. Paka wa nje hana adhana ya kuingojea. Mama alilijua hilo bila kuhubiriwa, na sasa naona kwamba miaka yote ile alikuwa akitufundisha, ila sisi tulidhani anapenda paka tu.

Naomba dua zenu kwa ajili yake leo, mkishaswali. Allah amrehemu, alipanue kaburi lake na kulitia nuru, na amlipe kwa kila usiku alioukesha.

Daku amezeeka sasa, meno yamempungua. Alfajiri hii nimemkuta amelala juu ya mswala wa Mama, pale pale lilipokuwa likigusa paji lake. Nimetandika wangu, nimeswali, naye hakusogea, nikasujudu pembeni yake kama Mama alivyokuwa akifanya. Kisha nikaichukua ile sahani, nikatoka uani na kuigonga kwa kijiko.

Wamekuja wote sita.