Kwa mwanangu, mke wa mheshimiwa mpya

Mwanangu,

Salaam kutoka Bombo. Sisi wazima; goti la baba yako bado linamsumbua lakini msikitini anafika. Mkwe wangu nilishampa hongera za uenyekiti wa wilaya kwa simu, leo sina neno naye. Barua hii ni yako. Isome peke yako kwanza, halafu mpe naye aisome.

Neno langu ni moja: vitu unavyoletewa. Juzi kwenye simu ulivitaja huku ukicheka: vitenge, mchele, mbuzi, na yule bwana wa makalavati anayetaka kukukopesha mtaji wa duka bila riba. Mimi sikucheka. Anayesaka tenda haanzii kwa mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti anatazamwa na makaunsela, na wapinzani wake, na redio. Anaanzia kwa mke. Mke hana ofisi, hana karani, hana kitabu cha wageni, na mgeni akifika na mfuko si adabu kumrudisha nao. Hapo ndipo wanapopitia.

Kuna kesi ya Marekani ninayotaka uijue yote, maana ni kesi ya mume na mke, si ya mume peke yake. Bob McDonnell alikuwa gavana wa jimbo la Virginia kuanzia 2010 hadi 2014. Yeye na mkewe, Maureen, walikuwa na madeni ya kadi za benki, na nyumba za ufukweni za kukodisha ambazo hazikujilipa. Akajitokeza mfanyabiashara, Jonnie Williams, mwenye kampuni ya Star Scientific. Alikuwa na vidonge vyake vya Anatabloc na alitaka vyuo vikuu vya jimbo vivifanyie utafiti. Mwaka 2011 alimpeleka Maureen New York akamnunulia nguo na viatu vya takriban dola 20,000. Akampa mkopo wa dola 50,000. Akatoa dola 15,000 za chakula cha harusi ya binti yao. Akanunua saa ya Rolex aliyoiomba Maureen, imechorwa jina la mume na cheo chake, gavana wa 71 wa Virginia, na mume akaipokea kama zawadi ya Krismasi kutoka kwa mkewe. Ukijumlisha na mikopo mingine na starehe nyingine, ilifika dola 175,000 na zaidi.

Rudia kuisoma orodha hiyo uangalie vingi vilipitia mkono wa nani.

Sheria ya Virginia wakati ule ilimtaka gavana ataje zawadi zake mwenyewe kwenye fomu ya kila mwaka, haikumlazimisha kutaja za mke na watoto. Hata hisa za Star Scientific ambazo Maureen alikuwa nazo, aliziuza Desemba kabla ya mwaka wa fomu kwisha, Januari akanunua tena. Fomu ikatoka safi. Wewe ni mhasibu, digrii yako ya Nakawa bado ipo ukutani sebuleni na kila mgeni lazima aonyeshwe, kwa hiyo sina haja ya kukueleza mkaguzi anavyousoma muamala wa namna hiyo. Ninachoshangaa ni mhasibu anayepokea mbuzi watatu bila kuandika popote.

Na aliyetoa? Hakuonja hata siku moja ya jela. Alipewa kinga ya kutoshtakiwa, akasimama mahakamani akaeleza alichotoa na alichotarajia. Kabla yake, mpishi wa makazi ya gavana, ambaye naye alikuwa akichunguzwa kwa wizi wa chakula, ndiye aliyewapa wapelelezi habari za ile hundi ya harusi. Mpishi, mwanangu. Kwako yupo mpishi, yupo dereva, yupo kijana wa getini, na wote wanaona gari gani limeingia na limeshusha nini.

Kesi ilisikilizwa 2014. Mawakili wakajitetea kwamba ndoa ilikuwa imeharibika kiasi kwamba wawili hao wasingeweza kupanga njama pamoja. Barua pepe ambayo mume alimwandikia mkewe kumsihi waokoe ndoa yao ikawa kielelezo cha mahakama, magazeti yakaichapa. Gavana mwenyewe alikuwa amehamia kwa padri wakati kesi inaendelea. Haikusaidia kitu. Septemba wakapatikana na hatia wote wawili. Mwaka uliofuata mume akahukumiwa miaka 2, mke mwaka mmoja na siku moja.

Usije ukaniambia, "Mama, si walishinda rufaa?" Ni kweli, Juni 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 8, walitengua hukumu ya mume, baadaye serikali ikaziacha kesi zote mbili. Hawakutumikia kifungo. Lakini soma walichosema. Walisema kumpangia mtu kikao, kumpigia simu ofisa, au kumwandalia tafrija, peke yake si tendo la kiserikali kwa maana ya sheria yao. Hawakusema zawadi zile zilikuwa halali ya kujivunia. Jaji Mkuu Roberts aliandika wazi kwamba mambo yale yanakirihisha. Na huo ni mwanya wa kwao. Wa kwetu haupo hivyo.

Sheria yetu ya Uganda ya kupambana na rushwa ya 2009 inamshika ofisa anayepokea moja kwa moja au kwa kupitia mwingine, kwa faida yake au ya mtu mwingine, ili afanye jambo au aache kulifanya. "Mtu mwingine" ni wewe. Kifungo kinaweza kufika miaka 10. Sheria hiyohiyo inamshika anayeishi maisha yasiyolingana na kipato chake kinachojulikana, na mali iliyo kwa mtu wa karibu inaweza kuhesabiwa kuwa ni yake. Kwa hiyo lile wazo la wifi yako, kwamba kiwanja kiandikwe jina la mtoto, lizimeni leo.

Kisha kuna Kanuni ya Maadili ya Viongozi ya 2002. Mumeo ana miezi mitatu tangu kushika kiti kutangaza mali kwa IGG, yaani mkaguzi mkuu wa serikali, na baada ya hapo kila miaka miwili, mwezi wa Machi. Fomu haiulizi mali zake tu. Inauliza kipato, mali na madeni ya mke, watoto na wanaomtegemea. Unaona tofauti na Virginia? Kule zawadi za mke zilikuwa nje ya fomu. Hapa umo ndani. Duka lako, boda mbili ulizoajiri watu waendeshe, akaunti ya SACCO, kile chama cha akiba na mikopo, deni la SACCO ya walimu, vyote vinaingia. Usimwachie karani wa ofisi akujazie. Kaeni nyinyi wawili, kila mmoja na taarifa ya benki na ya pesa za simu ya miezi 12, mjaze pamoja. Kinachoharibu fomu nyingi si uongo mkubwa, ni mke asiyemwambia mume kwamba ana akaunti nyingine. Kama unayo, mwambie. Najua nyumbani hapa hukuwahi kuniona nikimuuliza baba yako fedha imetoka wapi, wala yeye hakuniuliza. Nyinyi ulizaneni.

Zawadi ya hadharani, ile anayopewa kwenye sherehe au ufunguzi wa shule, inahesabiwa kuwa ya serikali na inatangazwa. Zawadi ya ndugu au rafiki wa kweli, kwa kiasi ambacho mila inakubali, hiyo inaruhusiwa. Ugumu uko kwenye neno rafiki. Kipimo changu ni hiki: alikuwa anakuletea mchele kabla ya kura? Yule wa makalavati hakuwa akiijua hata njia ya kwenu.

Sasa daftari. Nunua lile gumu la kaunta, uzitie kurasa namba wewe mwenyewe kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kabla ya kuandika neno. Chora mistari: tarehe, jina la aliyeleta, ametumwa na nani, kitu gani na kiasi, bei yake sokoni siku hiyo, ana shughuli gani na wilaya, aliyeshuhudia, na kitu kimeenda wapi. Safu ya shughuli na wilaya ndiyo yenye uzito. Usipoijua, uliza: "Wewe unafanya kazi gani?" Si ukosefu wa adabu. Andika siku ileile. Daftari linalojazwa usiku mmoja kwa ajili ya ukaguzi linajulikana mara moja: kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna kosa hata moja lililokatwa. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, usichane.

Na cha kurudisha kirudishwe mapema. Maureen alihojiwa na wapelelezi Februari 2013, ndipo akarudisha nguo kwa Williams na kijibarua cha mkono kikionyesha kana kwamba tangu mwanzo walikubaliana zitarudi. Kijibarua hicho kikamzalia shtaka jingine, la kuzuia haki. Kurudisha kulikuwa sawa. Muda na maneno ndivyo vilivyomponza. Wewe rudisha ndani ya siku mbili tatu, na karatasi iseme ukweli: kimeletwa tarehe fulani, kinarudishwa tarehe fulani, ahsante, hatuwezi kupokea. Nakala ibaki kwako.

Mkopo, hapana. Asilimia ya riba haijalishi. Mkopo usio na karatasi, usio na tarehe ya kulipa, kutoka kwa mtu anayesubiri tenda, hauna tofauti na hongo. Kama duka linahitaji mtaji nenda benki, kaa kwenye foleni kama wengine, na deni liingie kwenye fomu.

Watakuja pia wa ajira. Tume ya utumishi ya wilaya ndiyo inayoajiri walimu wa shule za msingi na wauguzi wa wilaya, lakini majina ya wajumbe wa tume yanapendekezwa na kamati ya utendaji, na mwenyekiti wake ni mumeo. Watu wanalijua hilo kuliko unavyolijua wewe. Mama wa mtoto aliyemaliza uuguzi atakuja analia, ana bahasha ndani ya kanga. Mpe chai, mpe maji, bahasha aondoke nayo. Karatasi za mtoto usizipokee pia, maana hata karatasi peke yake ni ahadi. Mwambie apeleke ofisi ya tume, apewe risiti ya kupokelewa. Vivyo hivyo PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi. Kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kila mwanachama milioni 1, na orodha inatoka kwenye vikundi vya wakulima huko huko parishi. Jina la wifi yako asiye na hata jembe lisionekane humo.

Mashirika nayo yatakufanya mlezi. Oregon, jimbo jingine la Marekani, gavana John Kitzhaber alijiuzulu Februari 2015 kwa sababu ya kazi za ushauri za kulipwa alizokuwa akifanya mchumba wake huku akijihusisha na mambo ya ofisi yake. Uwe mlezi wa bure, usiguse posho.

Nimeandika mengi, lakini bado sijasikia ukinijibu: umeanza daftari? Wale mbuzi watatu umewaandika?

Nauliza kwa sababu wameshafika na hapa. Alhamisi lori limeshusha fahali mwenye kamba mpya ya buluu shingoni na kipini cha njano sikioni, wanasema ni mchango wa harusi ya mdogo wako kutoka kwa "rafiki wa mheshimiwa". Baba yako alishaanza kumzunguka akimkadiria kilo. Nikamwambia hata akifika 300, haliwi hapa. Asubuhi fahali amerudishwa kwa lori la jirani, nauli nimelipa mimi. Mtu wao alikataa kutia sahihi, basi akatia mwenyekiti wa LC 1, baraza la kijiji, kuwa ni shahidi. Nakala nimeikunja ndani ya bahasha hii, ibandike kwenye daftari. Baba yako amenuna kidogo, atapona.

Kwa hiyo harusi ibaki Desemba kama tulivyopanga, ila watu 200, si 500. Mahema mawili tu. Pilau tutapika wenyewe. Shangazi zako wako, sufuria kubwa tutaazima msikitini, kuni baba yako ameshazipanga. Ng'ombe tutanunua mmoja kwa mchango wa ukoo, na mchango wako uutume kwa pesa za simu kwa jina lako, si kwa namba ya mtu wa ofisini kwa mumeo. Kadi za mwaliko usimpe yule wa makalavati. Kama umeshampa, niambie mapema nijue nitamkalisha wapi, na zawadi yake itafunguliwa mbele yangu.

Karanga zako gunia moja nimempa dereva wa basi la Jumatatu, nauli imelipwa, usilipe tena. Zianike siku mbili kabla ya kusaga, zina unyevu. Na zile glasi zangu sita ulizochukua Idi, nazihitaji kabla ya Desemba.

Wako,
Mama