Risala ya klabu ya maktaba kwa mgeni rasmi, siku ya wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunashukuru umekubali kuja maana tunajua ratiba yako ilivyobana, karibu sana. Risala yetu sio ndefu, tuna jambo moja na ombi lake basi.

Kila mgeni akija hapa anaambiwa hatuna vitabu. Leo sisi tunasema vitabu vipo, tena vingi, ila vingi havituhusu na vile vizuri vilikua vimefichika. Kwenye rafu ya misaada tulikuta atlasi ina nchi inaitwa Zaire wakati jina hilo limefutwa 1997, Sudan bado ni moja wakati Kusini wamejitenga 2011, halafu kuna mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji (jamani, theluji!). Ukifungua kitabu, kile kikaratasi cha tarehe za kuazima ni cheupe pee, hakijagongwa muhuri hata mara moja, huku vitabu vya fasihi vinagombaniwa mpaka jalada limebaki selotepu tupu.

Sasa tumepanga upya kwa namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa mada wa tangu 1876 huo lakini bado unadunda, 500 sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia, kila kitabu kina lebo mgongoni na kipo kwenye rejista. Visivyosomwa tumevitenga pembeni, hatujavitupa maana vina muhuri wa shule na mali ya umma haitupwi kienyeji, tunasubiri taratibu.

Ila kupanga peke yake hakuleti mtu. Ranganathan, mtaalamu wa maktaba wa India, aliandika 1931 kwamba kila kitabu kina msomaji wake, sisi tunaongezea tu kwamba huyo msomaji umfuate alipo. Kwahiyo tumeweka meza mlangoni vitabu vimesimama jalada linaonekana, na Ijumaa mstarini mwanafunzi mmoja anasimulia kitabu kwa dakika moja, akifika patamu anakata, watu wanapiga kelele hao, mchana foleni maktaba. Kitabu cha ufugaji wa kuku, namba 636, kilikua rafu ya chini kabisa nyuma ya mlango, leo kina listi ya wanaosubiri na baadhi yao ni walimu, hatuwataji.

Ombi letu mheshimiwa, ukikutana na wafadhili usiwaambie walete kontena, waambie waulize kwanza tunasoma nini. Na pesa ikipatikana tuanze na nakala za fasihi za mtaala, pia taa, maana ikifika saa kumi na mbili jioni giza linatutoa na ndio muda watu wa bweni wanakuja.

Listi ya vitabu tumeiambatanisha ukurasa wa pili, vya juu ndio vya haraka. Ahsante sana.