Tumjue kiwavi kwanza, chupa ya dawa baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa wakulima wa Tabora kila msimu wa mvua, nalo ni namna tunavyoelekezwa kupambana na viwavijeshi vamizi katika mahindi. Kila wadudu hao wanapoonekana, maelezo yanayotufikia, yawe ya gazetini, ya redioni au ya duka la pembejeo, hutaja jina la dawa na kipimo chake kwa bomba moja, lakini ni nadra kumtaja kiwavi mwenyewe: anakaa wapi, anakula saa ngapi, na akiwa na umri gani bado anaweza kufikiwa. Kwa mkoa unaofahamika nchi nzima kwa asali yake, pengo hilo lina gharama kubwa, kwa sababu dawa isiyomfikia kiwavi humfikia nyuki.

Nasema hivi kwa kuwa yamenikuta. Mimi ni mkulima na mfugaji nyuki huku Sikonge, na mizinga yangu imetundikwa kwenye miyombo pembezoni mwa shamba la jirani. Msimu uliopita, mahindi yake yakiwa yametoa mbelewele, jirani huyo alipulizia dawa saa nne asubuhi, saa ambayo nyuki walikuwa wamejaa humo wakikusanya chavua. Kufikia jioni, chini ya mizinga miwili kulikuwa na nyuki wengi wanaotambaa ardhini bila kuweza kuruka, baadhi yao wakiwa bado na vibonge vya chavua ya manjano miguuni, na kesho yake nikawafagia wakiwa wamekufa. Simlaumu jirani yangu, ambaye alikuja mwenyewe kunipa pole. Aliyemuuzia dawa alimwambia apulizie jua likishatoka ili majani yawe yamekauka umande, na maandishi ya kwenye chupa yalikuwa madogo na ya lugha asiyoisoma. Tulipokwenda pamoja kwenye kipande alichopanda kwa kuchelewa, ambacho nacho alikuwa amekipulizia asubuhi ileile, tukafungua majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea. Kiwavi alikuwa humo ndani, mnene, mzima kabisa, juu yake kukiwa na kinyesi chake kilicholowa kama unga wa mbao, kimeziba njia kama kizibo.

Hiyo ndiyo tabia yake, na watafiti wameieleza vizuri tangu mdudu huyu kutoka Amerika alipoonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuingia nchini kwetu mwaka uliofuata. Nondo jike hutaga usiku, mayai mia na zaidi katika fungu moja lililofunikwa kwa manyoya, na kwenye joto la huku huanguliwa baada ya siku chache tu. Viwavi wachanga hukwangua uso wa jani na kuacha madoa meupe yanayopitisha mwanga, na huo ndio wakati wanapofikika. Wakishakua huingia katika moyo wa mmea, hulana wao kwa wao hadi akabaki mmoja au wawili, na hula zaidi usiku, alfajiri na jioni. Mkulima anayeanza kupulizia baada ya kuona majani yametoboka matundu makubwa amechelewa, na anayepulizia jua likiwa kali anamtafuta mdudu katika saa ambayo amejificha. Jioni, nyuki wakiwa wamerudi mizingani, dawa hiyohiyo ingekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumpata kiwavi na ndogo zaidi ya kumwua nyuki, ingawa mahindi yakishatoa mbelewele mimi ningeshauri tusipulizie kabisa, kwa kuwa zipo dawa ambazo sumu yake hubaki kwenye ua hata siku inayofuata.

Jambo jingine ambalo wakulima wenzangu hawaambiwi ni kwamba jani lililoliwa si lazima liwe gunia lililopotea. Mahindi machanga yana uwezo wa kutoa majani mapya na kuendelea. Utafiti uliofanyika mashambani mashariki mwa Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mavuno yalipungua kwa takribani asilimia 12, japokuwa mimea mingi ilikuwa na alama za kuliwa. Asilimia 12 ni hasara, lakini haifanani na hofu inayotupeleka dukani mara tatu au nne katika msimu mmoja. Utafiti huohuo ulibaini kwamba mashamba yaliyopaliliwa mara kwa mara yalishambuliwa kidogo zaidi. Jembe kila mmoja wetu analo nyumbani.

Wapo pia maadui wa kiwavi ambao tunawaua bila kuwajua. Mwaka 2018 watafiti waliripoti nyigu wadogo wanaomshambulia mdudu huyu katika Ethiopia, Kenya na Tanzania, wakiwemo hapa kwetu wale wanaoitwa kitaalamu Charops ater na Coccygidium luteum. Nyigu jike hutaga yai lake katika kiwavi, na funza anayeanguliwa humo humla mwenyeji wake hadi kufa. Nyigu hao wapo bure mashambani, nao hawana mahali pa kujificha kama alivyo kiwavi. Hata siafu na sisimizi wanaopanda kwenye shina huwinda viwavi, na baadhi ya wakulima barani Afrika huwavuta kwa kumwagia mimea maji yaliyochemshiwa samaki.

Ninalotamani hasa lifike kwetu ni kilimo cha sukuma-vuta, kilichoanzishwa na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, pamoja na washirika wake, ambapo desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za brakiaria huzungushwa pembeni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kutoka kwa wakulima 250 wa maeneo makavu ya Kenya, Uganda na Tanzania yalionyesha kwamba idadi ya viwavi kwa mmea ilikuwa pungufu kwa asilimia 82.7 ukilinganisha na mahindi yaliyopandwa peke yake. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba harufu ya desmodiamu humfukuza nondo, na nyasi za pembeni humvuta. Mwaka 2024 kundi jingine la watafiti lilichapisha matokeo tofauti: katika majaribio yao nondo hakuikimbia desmodiamu, bali viwavi wachanga ndio walionaswa na kutobolewa na vinyweleo vyake vyenye ndoano. Aliyewahi kupita katika desmodiamu akatoka na vipande vya majani vimeng'ang'ania suruali ataelewa mara moja. Kuhusu nguvu ya harufu, wataalamu bado wanabishana, na mimi nauheshimu ubishi huo, kwa sababu unamsaidia mkulima kujua kipi akipande kwa wingi na kwa nini.

Lakini hatuwezi kuchukua majibu ya udongo wa kwingine na kuyabandika kwenye kichanga chetu cha miombo, chenye kiangazi kinachoanza Mei na kuendelea hadi Oktoba. Tunacho kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, na tunacho chuo cha ufugaji nyuki hapahapa Tabora. Ombi langu kwa taasisi hizo mbili ni kwamba zipande kwa pamoja shamba moja la mfano la mahindi na desmodiamu, mizinga ikiwa kando yake, na wakulima tualikwe kuhesabu viwavi na nyuki kwa macho yetu. Kwa mamlaka inayosimamia viuatilifu, naomba kila chupa inayouzwa vijijini iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka saa ya kupulizia na hatari yake kwa nyuki. Na kwako, Ndugu Mhariri, naomba ukurasa wenu wa kilimo uchapishe mwezi Oktoba, kabla hatujapanda, picha ya fungu la mayai na ya jani lenye madoa meupe, ili jirani yangu azibandike ukutani pale anapotundika bomba lake.

Mkulima na mfugaji nyuki,
Sikonge, Tabora.